Shajara ya mradi: kuwafikia mbunge na mwakilishi wadi wapya kuhusu Gredi ya 7 na chekechea

Agosti 20, 2022

Matokeo ya wabunge na wawakilishi wadi yako wazi. Katika eneobunge letu hapa Pwani ya Kenya mbunge ni mpya, na mwakilishi wadi ni mpya pia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukalia kiti hicho. Kikundi chetu cha wazazi na walimu wastaafu kimekutana leo baada ya alasiri na kukubaliana tuwafikie mapema, kuhusu elimu, kabla hawajaapishwa na kabla meza zao hazijajaa barua za watu wengine.

Haraka yenyewe ina sababu. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC), unaochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, wako Gredi ya 6 mwaka huu na Novemba watafanya mtihani wa kitaifa. Mwakani wanaingia Gredi ya 7, mwanzo wa Sekondari Msingi. Mpango unaojulikana mpaka leo ni kwamba watapelekwa shule za upili, ndiyo maana serikali ilianzisha ujenzi wa madarasa 10,000 katika shule hizo. Mjini huenda hilo likawa jepesi. Kwetu, shule ya upili ya kutwa iliyo karibu ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, na njia inakatwa na mto wa msimu ambao masika yakishika hauvukiki. Mtoto wa miaka 12 apite hapo alfajiri, na arudi hapo magharibi?

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa darasani mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, alisema maneno ambayo nimeyaandika kama yalivyomtoka: "Mwaka ule tuliambiwa tu. Safari hii na tuseme kwanza."

Nimepewa kazi ya ukatibu. Humu nitaandika tumemfikia nani, tumeomba nini na tumejibiwa nini, ili kikundi cha wadi nyingine kikitaka kufanya kazi kama hii kisianze gizani.

Agosti 27

Tumeorodhesha kila linalomkera kila mtu, na ubao ukajaa: madawati, vyoo, walimu wachache, vitabu, umbali, basari, mwalimu wa chekechea anayekaa miezi bila kulipwa. Halafu mwenyekiti wetu, mama aliyefanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi, akashika chaki na kuuliza kwa kila jambo: hili liko mikononi mwa nani?

Swali hilo lilitupa kazi ya jioni nzima. Wengi walikuwa tayari kumlilia mbunge mambo ambayo si yake hata kidogo. Katiba ya 2010 imeyagawa katika Jedwali la Nne. Sera ya elimu, viwango, mitaala, mitihani, shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Maana yake ni kwamba mwalimu wa chekechea anaajiriwa na kaunti, mshahara wake hupitishwa na bunge la kaunti, na mtu wetu hapo ni mwakilishi wadi, yaani MCA. Mwalimu wa Gredi ya 7 ataajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na fedha za tume hiyo hupitishwa na Bunge la Kitaifa. Madarasa na vyoo vya shule za msingi mara nyingi hujengwa kwa pesa za CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ambako mbunge ana sauti kubwa. Seneta naye yuko kwenye mgao wa fedha za kaunti, shilingi bilioni 370 kwa kaunti zote 47 mwaka huu wa fedha. Tukimpelekea habari ya madawati atatusikiliza kwa adabu na hatakuwa na la kutufanyia.

Tumebaki na mambo mawili. Kwa mbunge: Gredi ya 7 isomee wapi, na nani atawafundisha. Kwa MCA: walimu wa chekechea waingizwe kwenye bajeti ya kaunti kwa ajira inayoeleweka.

Wapo walionuna. Baba mmoja mwenye mtoto kidato cha pili alitaka basari iwe ya kwanza, na hatumlaumu, karo inamkaba. Lakini basari mbunge ataisikia kwa kila mtu atakayemfikia, mwaka baada ya mwaka. Suala la wapi Gredi ya 7 itakaa litaamuliwa mara moja tu, kisha madarasa yatajengwa kwa kufuata uamuzi huo. Nafasi ya kulisemea ni sasa.

Septemba 10

Bunge la 13 liliapishwa juzi, Alhamisi. Moses Wetang'ula ndiye Spika wa Bunge la Kitaifa. Amason Kingi, gavana wa zamani wa Kilifi, amekuwa Spika wa Seneti, na watu wetu wamefurahi kuona mtu wa Pwani amekalia kiti hicho.

Barua kwa mbunge imekamilika. Ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Wapo waliodai kwamba Kiingereza kinapewa uzito zaidi ofisini. Lakini Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kifungu cha 120 cha Katiba kimekiweka miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Zaidi ya hapo, kila mzazi anayetia sahihi anasoma mwenyewe, au anasomewa, na anajua anaomba nini. Tukapiga kura, Kiswahili kikashinda kwa mbali.

Kiini cha barua ni hiki:

"Mheshimiwa, tunakupongeza kwa kuchaguliwa. Sisi ni wazazi wa shule za msingi za wadi hii. Mwakani watoto wetu wa kwanza wa mtaala mpya wanaingia Gredi ya 7. Shule ya upili ya karibu iko ng'ambo ya mto. Tunaomba ututetee ili Gredi ya 7 isomee katika shule zetu za msingi, na tafadhali utueleze msimamo wako kufikia mwisho wa Oktoba. Tuko tayari kuja kukuona popote utakapotuita."

Tarehe ile ndiyo iliyobishaniwa. Wazee wawili waliona kumwekea kiongozi siku ya kujibu ni utovu wa adabu. Mwenyekiti akasema barua isiyotaja siku hujibiwa siku isiyojulikana. Tukaiacha, tukaongeza neno tafadhali na ile sentensi ya kuwa tuko tayari kumwendea, na wazee wakaridhika.

Sahihi zilichukuliwa shuleni, siku wazazi walipokuja kuchukua matokeo. Wasioandika waliweka dole gumba kwa wino wa pedi ya muhuri wa shule. Nakala moja imebaki nasi, na tutakapoipeleka nyingine tutaomba igongwe muhuri wa kupokelewa.

Septemba 25

Mwakilishi wadi nilimwona Jumamosi iliyopita kwenye hanga. Barua yake nilikuwa nayo mfukoni. Wenzangu walinisukuma nimpe pale pale, maana alikuwa amesimama peke yake karibu na gari. Sikumpa. Kiongozi akiwa msibani anasalimia wafiwa na kutoa rambirambi, na karatasi yoyote atakayopewa itaishia kwa dereva. Nilimwamkia, nikamwambia wazazi wana neno naye, akatutajia leo, nyumbani kwake.

Ni kijana. Wazee wetu walimwita "Mheshimiwa mwanangu" na akaitikia vizuri. Alianza kwa basari, jinsi atakavyohakikisha fomu zinafika vijijini. Tulimwacha amalize. Kisha mwenyekiti akamwomba mwalimu wa chekechea, tuliyekuja naye, aeleze siku yake ilivyo.

Mama yule hakulalamika hata kidogo. Alieleza tu. Ana chumba kimoja, PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wanakaa upande wa dirisha na PP2, mwaka wa pili, upande wa mlango, na yeye yuko katikati. "Wa huku wakiimba, wa kule hawawezi kuhesabu," alisema. "Nikitaka wa kule wahesabu, hawa wa huku lazima nao wanyamaze, na mtoto wa miaka minne ukimwambia anyamaze anasinzia." Mheshimiwa akamuuliza analipwa kiasi gani. Akamwambia, na akamwambia pia mara ya mwisho kulipwa ilikuwa lini. Pakawa kimya kidogo. Mheshimiwa akaomba kalamu.

Hapo tukalitoa tulilokuja nalo. Kaunti zote sasa zinaandaa mpango mpya wa maendeleo wa miaka mitano, ule wanaouita CIDP, wa kuanzia 2023 hadi 2027. Ni bunge lao jipya litakaloupitisha. Jambo lisilokuwemo kwenye mpango huo ni tabu kulipatia fedha baadaye, maana bajeti ya kila mwaka hutakiwa kuufuata. Hatukumwomba aahidi mshahara. Tulimwomba ahakikishe walimu wa chekechea wametajwa kwenye CIDP, kwa idadi na kwa utaratibu wa kuajiriwa, na atuambie vikao vya maoni ya umma vitafanyika lini ili tuje.

Alisema bado hajaonyeshwa ratiba ya mpango huo na kwamba ataiuliza wiki hii. Nimefurahi kwamba alisema hivyo badala ya kujifanya anajua. Kiongozi mpya akiuliza swali hilo ndani, akiwa na jina la mwalimu wa wadi yake daftarini, si sawa na sisi tukiuliza kutoka nje.

Oktoba 9

Mambo yamebadilika. Mwishoni mwa Septemba Rais Ruto aliunda jopokazi la mageuzi ya elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, na mojawapo ya maswali yake makubwa ni Sekondari Msingi iwe wapi. Watu wengine kikundini walisema basi, tumsahau mbunge, twende kwa jopokazi. Tumeamua kwenda kote kuwili. Jopokazi linapendekeza, lakini fedha za kutekeleza pendekezo zitapita Bungeni, na mbunge aliyekwisha kuusikia mto wetu atajua anachopigia kura.

Mzozo mkubwa leo ulikuwa baina yetu wenyewe. Mwalimu mmoja wa shule ya upili, mzazi mwenzetu, alisimama na kupinga ombi letu lote. Hoja yake ilikuwa nzito. Sekondari Msingi, alisema, ina Sayansi Jumuishi, ina Masomo ya Kabla ya Ufundi, na haya hayafundishwi kwa chaki peke yake. Shule ya upili ina maabara, ina walimu waliosomea Fizikia na Kemia. Mkiwabakiza watoto shule ya msingi, mtawaokoa na mto lakini mtawanyima maabara, na miaka mitatu baadaye wataingia Sekondari ya Juu wakiwa nyuma ya wenzao wa mjini. "Mnatetea miguu yao," alisema, "nani atatetea vichwa vyao?"

Hakuna aliyemjibu upesi. Mama mmoja, mwenye binti Gredi ya 6, ndiye aliyevunja kimya. Alisema binti yake mkubwa alianza kidato cha kwanza katika shule hiyo hiyo ya ng'ambo, akakosa masomo kila mto ulipojaa, kisha akapangishiwa chumba karibu na shule ili asikose. Hakumaliza. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemuuliza. Wote tunamjua binti huyo na mtoto wake. Kwa maoni yangu hapo ndipo suala letu lilipo. Maabara inaweza kujengwa mwakani au mwaka wa kesho kutwa. Msichana wa miaka 12 akishapangishiwa chumba peke yake, jengo halitamrudisha darasani.

Hata hivyo mwalimu yule amesema kweli, na tumebadilisha ombi kwa ajili yake. Sasa linasomeka: Gredi ya 7 isomee shule ya msingi, na kila shule itakayoipokea ipatiwe walimu waliosomea masomo ya sekondari na chumba cha sayansi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika sentensi hiyo ya pili, na amekubali kuwa msemaji wetu mbele ya jopokazi.

Oktoba 29

Ofisi ya mbunge mjini. Benchi la nje lilikuwa limejaa tangu asubuhi, karibu kila mtu na bahasha ya kaki yenye barua ya kuitwa shule, orodha ya karo na nakala ya kitambulisho. Mpokea wageni alituuliza mwanafunzi wetu ni nani na yuko shule gani. Tukamwambia hatukuja kwa karo, tumekuja kutoa maoni kuhusu Gredi ya 7. Akatazama daftari lake, ambalo lina safu ya jina la mwanafunzi, safu ya shule na safu ya salio, na hakujua atuandike wapi.

Nalitaja hili kwa sababu yeyote atakayefanya kazi hii atakutana nalo. Ofisi za wabunge wetu zimezoea kupokea shida za mtu mmoja mmoja. Kikundi kinachokuja kuzungumzia sera hakina safu. Tulichofanya ni kumwomba aandike pembeni "maoni ya sera ya elimu, wazazi wa wadi", na agonge muhuri kwenye nakala yetu. Alifanya hivyo. Barua ina tarehe sasa.

Mbunge mwenyewe hakuwepo. Msaidizi wake alitupa dakika chache na akatuambia kinachowaumiza wabunge wengi kwa sasa ni CDF, kwa sababu Mahakama ya Juu, siku moja kabla ya uchaguzi, iliiharamisha sheria ya CDF ya 2013, na ingawa mfuko unaendeshwa kwa sheria ya 2015, wanahofia yajayo. Tuliichukua nafasi hiyo: tukamwambia kama mheshimiwa anataka sababu ya kuutetea mfuko, chumba cha sayansi katika shule za msingi za ng'ambo hii ya mto ni sababu mojawapo nzuri. Msaidizi alicheka, lakini aliandika.

Novemba 12

Jopokazi limepita kaunti yetu. Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko watu. Msemaji wetu alipewa muda mfupi na alianza na mto, akaja kwenye maabara, akamalizia na walimu. Waraka wetu ulipokelewa. Wazazi wa upande wa pili wa kaunti, ambao hatukuwa tumewasiliana nao kabisa, walisema karibu maneno yale yale kuhusu umbali. Nilichukua namba zao.

Desemba 3

Watoto wamemaliza mtihani wao wa Gredi ya 6, zaidi ya milioni 1.2 nchi nzima, na siku iliyofuata jopokazi likamkabidhi Rais ripoti ya awali. Gredi ya 7, 8 na 9 zitakuwa katika shule za msingi.

Simu haikunyamaza tangu habari itangazwe. Mama wa yule binti alinipigia na kusema Alhamdulillahi, akakata. Sidai kwamba kikundi chetu ndicho kilicholeta uamuzi huu. Wazazi wa nchi nzima walisema. Lakini tulikuwa miongoni mwa waliosema, kwa maandishi, kwa wakati.

Nusu ya pili ya ombi letu, walimu na chumba cha sayansi, ndiyo sasa inayotungoja. Mbunge alitupigia kutupongeza. Tumemshukuru na kumwomba siku Februari, baada ya shule kufunguliwa.

Februari 18, 2023

Gredi ya 7 ilianza Januari 30. Serikali imetenga takriban shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Msingi kwa mwaka, na Tume ya Huduma za Walimu imetangaza nafasi zaidi ya 30,000, nyingi zikiwa za walimu wanagenzi watakaolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Shule yetu imepata mwalimu mmoja.

Leo nimekwenda kumwona darasani. Ratiba ameibandika ukutani, kwa kalamu nyekundu na buluu, safi kabisa. Jumatatu hadi Ijumaa, kila mraba una jina la somo na chini yake herufi za jina la mwalimu. Kiingereza, Hisabati, Kiswahili, Sayansi Jumuishi, Afya, Kilimo, Biashara, Michezo, na kuendelea. Na chini ya kila somo herufi zile zile mbili. Kwenye kipindi cha dini tu ndipo pameachwa wazi, kwa sababu yeye ni Mkristo na watoto wengi ni Waislamu, na hakutaka kuwafundisha jambo asilolijua. Alisomea Historia na Jiografia. Sayansi Jumuishi anaisoma usiku kwenye simu na kuifundisha asubuhi. Kijana wa watu hakuomba asikitikiwe. Aliniuliza tu kama najua mtu mwenye mizani ya zamani na chupa za kioo.

Nimepiga picha ile ratiba kwa ruhusa yake na ya mwalimu mkuu, nikafunika herufi za jina.

Machi 11

Hatimaye tumekaa na mbunge, na alitupa muda wa kutosha. Tulikuwa na waraka wa kurasa tatu. Aliufungua, akaufunga, akasema atausoma. Nikamwonyesha picha ya ratiba.

Aliitazama muda mrefu. Akauliza, "Huyu ni mwalimu mmoja?" Nikamwambia ndiye. Akauliza siku akiugua inakuwaje. Mwalimu mkuu akamjibu kwamba wiki iliyopita aliugua, na Gredi ya 7 ikapewa vitabu na kukaa kimya hadi saa za kwenda nyumbani. Akaomba atumiwe picha hiyo hapo hapo. Kurasa zetu tatu zina takwimu zote na vifungu vyote vya sheria, na tulihangaika nazo. Lakini kilichomwingia mheshimiwa ni ukuta wa darasa la eneobunge lake mwenyewe. Tangu leo kila tutakayemwendea tutaanza na picha, na waraka utafuata.

Amesema atalifikisha kwa Kamati ya Elimu. Amesema pia tukitaka jambo lisipotee, tulete ombi rasmi la umma chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, naye ataliwasilisha. Hilo lina masharti yake na nayaandika hapa kwa manufaa ya wengine. Linaweza kuandikwa kwa mkono au kuchapwa, kwa Kiingereza au Kiswahili. Lugha iwe ya heshima. Lisiwe na mikato wala maneno yaliyochomekwa juu ya mstari. Kichwa cha jambo kionekane kwenye kila karatasi. Lieleze kama mmejaribu kupata ufumbuzi kwa mamlaka inayohusika na mlijibiwa nini, na kama jambo lenyewe liko mahakamani. Limalizie kwa kuomba kitu kinachoeleweka. Kisha majina, anwani, namba za vitambulisho, na sahihi au dole gumba. Yale mambo ya muhuri wa kupokelewa tuliyoyasisitiza Oktoba sasa yana kazi: ndiyo ushahidi kwamba tulianza kwa wahusika.

Mei 20

Makadirio ya bajeti ya kaunti yalitakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na bunge lina hadi Juni 30 kuyapitisha. MCA alitutumia kurasa za chekechea mwenyewe, bila kuombwa. Walimu wa chekechea wametajwa kwenye CIDP kama tulivyotaka. Katika makadirio ya mwaka, fedha za ajira zipo lakini ni kidogo, na fedha za madarasa mapya ni nyingi kuliko za walimu.

Tulikwenda kwenye kikao cha maoni ya umma. Mwalimu wetu wa chekechea alisema vile vile alivyosema nyumbani kwa MCA, PP1 dirishani na PP2 mlangoni, na akaongeza: "Mkinijengea chumba cha pili, nani ataingia humo?" MCA alisimama baada yake na kupendekeza sehemu ya fedha za ujenzi ihamishiwe kwenye ajira. Hoja bado iko kamatini. Kuwa na mwakilishi anayesimama baada ya mwananchi wake, siyo kabla yake, ni jambo ambalo sikulizoea, na nimemwambia hivyo.

Agosti 5

Ripoti ya mwisho ya jopokazi imetoka. Masomo ya Sekondari Msingi yanapendekezwa kupunguzwa kutoka 14 hadi 9. Kwa shule yenye mwalimu mmoja hilo ni nafuu, lakini masomo tisa kwa mtu mmoja bado ni mengi mno. Muhula wa pili ulituletea mwanagenzi mmoja zaidi, dada aliyesomea Hisabati na Kemia, na ratiba ukutani sasa ina rangi ya tatu.

Januari watoto hawa wataingia Gredi ya 8, na Gredi ya 7 nyingine itaingia nyuma yao. Walimu wawili watakuwa na madarasa mawili. Kwa hiyo tumeandika upya ombi rasmi kwa kufuata masomo tisa. Linaomba mambo mawili: kila shule ya Sekondari Msingi iwe na walimu wasiopungua wanne kufikia Januari 2024, mmoja wao akiwa wa sayansi, na walimu wanagenzi wapewe ajira ya kudumu mkataba wao ukiisha, badala ya kuanza upya na wageni. Yule mwalimu wa shule ya upili aliyetupinga Oktoba ndiye aliyelihariri, na hakuna mkato hata mmoja.

Ombi liko kwa mbunge. Nakala iko kwa mwalimu mkuu wa kila shule ya msingi katika wadi, na wazazi wa upande wa pili wa kaunti wanakusanya sahihi zao kwa maneno hayo hayo. Barua kwa Seneta, kuhusu mgao wa kaunti ambao mwaka huu wa fedha ni shilingi bilioni 385.4 na sehemu ya chekechea ndani yake, inakwenda Jumatatu pamoja na picha ya darasa la PP1 na PP2. MCA ameahidi kutuletea hesabu iliyopitishwa ya ajira za walimu kabla ya kikao kijacho, na mwenyekiti ameiweka kuwa ajenda ya kwanza.